Birika la Dirishani kwa Torgny

Januari 6

Birika letu linaonekana kutoka barabarani. Torgny ameliweka dirishani kwake katikati ya mishumaa ya Krismasi, amelisugua mpaka linang'aa, makusudi ili kila anayekwenda dukani alione. Mimi hupita pale mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi jikoni shuleni. Leo nimeapa: baridi hii haiishi kabla sijalitoa dirishani kwake. Ndiyo maana nimeanza shajara. Naogopa nisipoandika nitasahau, na nikisahau nitaanza kusamehe.

Januari 8, Alhamisi

Mchezo umeanza. Tulikuwa tisa mezani kwenye nyumba ya kijiji, supu ya njegere bado imetulemea tumboni. Mwamuzi ni Alfhild kama kawaida. Alikuwa mkunga, ametupokea karibu sote, na bado anatutazama kama alivyotutazama siku ile tulipotoka.

Aligonga kikombe kwa kijiko, akasema, "Älg." Neno dogo, mnyama mkubwa, yule wa msituni mwenye pembe pana. Wa kwanza akaongeza uwindaji: älgjakt. Wa pili akaongeza kikundi, na ile s ya katikati tunayoipachika kama gundi: älgjaktslag. Ndivyo tunavyocheza tangu enzi za baba. Kila mtu anaongeza kipande kimoja mwishoni, lakini lazima alitamke neno zima tangu mwanzo, kiganja kikipiga meza mara moja kwa kila silabi. Ukizidisha pigo, umetoka. Ukipunguza, umetoka. Na ukishaongeza chako, Alfhild anakuuliza, "Kipo?", nawe umweleze kiko wapi na nani anakitumia.

Lilipofika kwangu lilikuwa limeshakuwa mkutano wa kikundi cha wawindaji. Nikaweka kahawa. Torgny akakunja mikono ya sweta, akashusha kiganja chake kile kama koleo: "Älg-jakts-lags-mö-tes-kaf-fe-bröd!" Mikate ya kula na kahawa ya mkutano.

"Kipo?" Alfhild akauliza.

"Ipo, mama. Tena migumu, mnyama mwenyewe ukimrushia mmoja anaanguka. Anaioka Hillevi."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilibaki naye mpaka mwisho, tukiwa wawili tu, kisha hasira ikapiga meza mara moja zaidi kwa niaba yangu. Wa pili ndiye huosha vikombe. Ni desturi, ili asijidanganye kwamba alikaribia. Niliviosha vyote huku Torgny akivaa koti taratibu, akipiga mluzi.

Januari 9

Torgny ndiye anayeendesha trekta la kuzoa theluji. Asubuhi nimekuta ameisukumia yote langoni kwetu. Nimechimba nusu saa na shuleni nimechelewa.

Januari 11

Jumapili, baridi ya kupasua miti. Naandika kisa chenyewe leo, nisilazimike kukirudia.

Mdogo wangu Folke ana kigugumizi. Mama alifariki yeye akiwa mtoto wa kuvalishwa viatu, mimi msichana mkubwa, na tangu hapo tumeishi nyumba hii hii. Dukani, kwa daktari, kwa mchungaji, mimi ndiye mdomo wake. Hajawahi kulalamika.

Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani kwa hiari yake, nacho ni mchezo wa Alhamisi. Mezani pale kuna sheria mbili za zamani. Ya kwanza: maadamu kiganja cha mtu kiko juu ya meza, hakuna anayefungua kinywa, hata kahawa ikigeuka barafu. Ya pili: aliyesaidiwa ametoka. Folke alicheza vizuri kuliko baba, na baba alishinda fainali ya mwisho wa baridi miaka mingi, akaliweka birika lile la shaba, zawadi ya mshindi, dirishani kwetu.

Baridi tatu zilizopita Folke alifika mwisho wa fainali. Alibaki yeye na Torgny, birika katikati yao. Folke akaweka kiganja, akaanza, akakwama kwenye silabi ya tatu. Uso ukamwiva. Mshipa wa shingo ukamtoka. Watu kimya. Mimi nilikuwa ukutani na sinia la keki, nikaona kama ananyongwa mbele yangu. Sikuvumilia. Nilimalizia lile neno, kwa sauti, kutoka pale niliposimama.

Alfhild akagonga kikombe. Amesaidiwa, ametoka. Na Torgny akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Kumbe Folke anatembea na mdomo wa akiba!"

Folke akachukua kofia yake, akatoka. Hajakanyaga pale tena. Torgny alimcheka mtu kwa ugonjwa wake mbele ya kijiji kizima, kisha akabeba birika la baba yetu kwapani. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Januari 15, Alhamisi

Nimetoka wa tatu. Torgny ameshinda. Aliniambia, "Pole bibie, labda unywe maziwa." Dawa yake iko jikoni.

Januari 20

Jumanne. Folke amekwenda ziwani kuvua kwenye tundu la barafu. Amerudi bila samaki.

Januari 22, Alhamisi

Leo sikucheza. Nimekaa pembeni nafuma soksi na kumchunguza Torgny. Vipande virefu havimsumbui, anavipanda kama ngazi. Shida yake ni vifupi vinapofuatana, silabi moja, silabi moja, silabi moja. Hapo kiganja chake kinashika kasi na mdomo unaachwa nyuma. Leo alinusurika, lakini nimeona jasho. Fainali ikifika nitamjazia neno vipande vya silabi moja mpaka mkono wake umtoroke.

Folke aliniuliza nilichoona. Yaani alianza kuuliza, nami nikamwambia yote.

Januari 27

Jumanne. Folke ziwani tena. Hakuna samaki.

Februari 2

Nafanya mazoezi ninapokata viazi. Kisu kimoja, silabi moja. Snö-sko-ter-handsk-fo-der, bitana ya glavu za kuendeshea pikipiki ya theluji, viazi sita chini. Mwenzangu wa jikoni anasema nimeanza kuwa na macho ya mtu wa kuogopwa. Watoto wamepokea mchezo, wanapiga sahani zao mezani nami naongoza kwa mwiko. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni somo la lugha.

Februari 5, Alhamisi

Wa pili tena. Vikombe. Nilipokuwa naosha, Torgny alisimama mlangoni akasafisha koo, kama anataka kusema neno la maana.

"Hillevi, hivi Folke yuko—"

"Folke hayupo kwa ajili yako," nikamkata.

Akainua mabega, akaenda zake. Ana ujasiri wa kumtaja.

Februari 10

Theluji langoni, ukuta mzima. Basi nami nikachukua majivu ya jiko, ndoo tele, nikayamwaga kwenye mteremko wa barafu unaotoka nyumbani kwake, pale anaposhuka na kile kigari chake cha kuteleza kwa mguu mmoja. Majivu hayatelezi. Nilijificha nyuma ya sanduku la posta. Alikuja kwa kasi, koti linapepea, vyuma vikagusa majivu, kigari kikasimama na Torgny akaendelea. Aliruka juu ya usukani kama gunia la viazi, akatua kwenye theluji kifudifudi.

Sijacheka hivyo tangu baba afe. Nilipomsimulia Folke, hakucheka. Alitazama sahani yake.

Februari 12, Alhamisi

Torgny amekuja anachechemea. Amenisalimu kwa adabu. Ameshinda.

Februari 17

Jumanne. Ziwani. Hakuna samaki. Nimemwambia Folke kwamba hata paka wa jirani angekuwa ameshapata mmoja.

Februari 19, Alhamisi

Nimemshinda! Si fainali, ni Alhamisi tu, lakini nimemshinda. Nilimpa vipande vifupi vitatu mfululizo na kiganja chake kikakimbia. Alfhild akasema, "Moja zaidi, Torgny. Umetoka." Alikaa akiutazama mkono wake. Akaosha vikombe, yeye, na maji ya moto yakamchoma nikayaona yanamchoma.

Nilirudi nyumbani mbio, mashavu yananiwaka. Folke alikuwa jikoni anakunywa kahawa.

"Nimemshinda! Kwa ajili yako, unasikia? Hujafurahi?"

"N-n-ni—"

"Umefurahi," nikamsaidia. Nikamkumbatia kichwa.

Akanyanyuka, akaenda bandani kwake kutengeneza vitu vya watu. Furaha zake ndivyo zilivyo.

Februari 24

Jumanne. Hakuna samaki.

Machi 2

Jumanne ya keki za malai, ile ya kabla ya Kwaresima. Nimeoka kumi na mbili, lozi nyingi, nikachukua mbili nzuri kumpelekea Folke ziwani. Jua linarudi sasa, theluji inaumiza macho.

Folke hakuwepo. Tundu lake la kuvulia limeganda, limeganda la siku nyingi, lina theluji juu yake. Nyayo za viatu vyake zinapita pembeni, hazisimami hata kidogo, zinavuka ghuba moja kwa moja mpaka kwenye gati la Torgny.

Nimekula keki zote mbili nikiwa nimesimama pale.

Machi 4, Alhamisi

Sikwenda mchezoni. Folke hakuniuliza kwa nini. Nimemtazama akila na nikajiuliza ni nani huyu ninayempikia.

Machi 9

Haya lazima yaandikwe.

Nilimwacha Folke atangulie, kisha nikafuata nyayo. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango wa jikoni kwa Torgny nikaingia na viatu vyangu vyenye theluji.

Walikuwa wawili mezani. Kati yao kuna chuma cha kuokea våfflor, zile keki nyembamba za vyumba vyumba, kimefunguliwa vipande vipande, mpini huku, skrubu kule. Birika la baba likituangalia kutoka dirishani. Folke ameweka kiganja mezani, mdomo wazi, amekwama, shingo imemvimba. Na Torgny yupo mbele yake, mikono magotini, anamtazama tu.

Nikaona ni mateso yale yale, sasa yanafanyika faragha.

"Mshenzi wewe!" nikasema. "Hukutosheka kumcheka mbele za watu, sasa unamleta huku kila Jumanne umchezee kama—"

"Nyamaza, Hillevi," Torgny akasema, polepole. "Mkono wake uko mezani."

Nikanyamaza. Sijui kwa nini. Nadhani ni miaka yote ile ya sheria.

Folke aliendelea. Ilichukua muda mrefu. Nje paa linadondosha maji, ndani saa ya ukutani, na yeye anapambana na silabi moja baada ya nyingine, na Torgny hata kope hachezi. Akamaliza neno lake. Akainua kiganja. Kisha akanigeukia.

"H-hakunicheka mimi. A-a-alikucheka wewe."

"Mimi? Mimi niliyekutetea?"

"Miaka yote u-u-una—"

"Nakulea! Nakulea, ndicho unachotaka kusema, na haya ndiyo malipo!"

Akafunga macho. Akaweka kiganja chake mezani tena, juu ya zile skrubu, akanisubirisha mpaka nikasikia aibu ya kupumua.

"Unanimalizia," akasema.

Kisha akasema mengine, kwa vipande, na sikumkatiza kwa sababu kiganja hakikuinuka. Kwamba meza ile ya Alhamisi ilikuwa mahali pekee duniani ambapo watu wanalazimika kumngoja. Kwamba siku ile angefika, alikuwa na pumzi, alikuwa na neno lote kichwani. Kwamba Torgny alikuja bandani wiki ile ile akaomba radhi kwa kicheko chake, na mimi nilikuwa mlangoni nikamjibu kwa niaba ya Folke kwamba hataki radhi.

Hilo la mlangoni ni kweli. Nalikumbuka.

"Ungeniuliza mimi ningekwambia," Torgny akasema. "Lakini wewe huulizi, bibie. Wewe unamwaga majivu."

"Nawe unanizibia lango!"

"Lango lako liko kwenye kona, mama wee! Theluji niipeleke wapi, mbinguni? Muulize yeyote." Akamtazama Folke, akatabasamu kidogo. "Atakaa mezani sikukuu ya våfflor, siku ya fainali. Ndicho tunachofanyia mazoezi."

Nikapiga mlango nyuma yangu mpaka kengele ya kigari chake ikalia. Basi sawa. Sasa nina watu wawili wa kuwalipa.

Machi 10

Hatujasemezana.

Machi 11, Alhamisi

Nimekwenda, nimecheza, nimeshinda. Torgny wa pili. Vikombe.

Machi 13

Nimeamua kumkomesha. Anataka asimaliziwe? Simalizii. Leo nilikwenda naye dukani, nikakunja mikono mbele ya kaunta, nikatazama dari. Ajionee mwenyewe dunia inavyongoja.

Muuza duka alinitazama mimi kwanza, kama siku zote. Nikatazama dari zaidi. Akalazimika kumgeukia Folke. Foleni ikajikusanya nyuma yetu. Ilichukua muda, lakini Folke alipata alichotaka: tumbaku ya mdomoni, uzi wa kushonea ngozi, na kahawa. Si ile yetu. Aliomba ile nyeusi, iliyochomwa sana.

"Tangu lini unakunywa hiyo?" nikamuuliza nje.

"Ta-tangu zamani. Kwa T-Torgny."

Nimemnunulia ile nyepesi tangu baba yuko hai. Hakuwahi kusema kwamba haipendi. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda, na sitaki kuitazama tena.

Machi 16

Jumanne. Amekwenda kwa Torgny, hata ndoana hakubeba. Kisu na viazi. Nimekata viazi vya wiki nzima.

Machi 18, Alhamisi

Nimemshinda Torgny mara ya tatu. Akasema, "Unazidi kuwa mkali, Hillevi. Mdogo wako naye." Nilimjibu kwamba mdogo wangu atalia. Niliandaa vipande vyangu vyote, vifupi, vikali. Birika litakaa dirishani kwetu na nitaliweka mimi kwa mkono wangu, wote wawili wakiona.

Machi 21

Theluji inaporomoka kutoka paani usiku kucha. Barabara ni tope na maji. Torgny amepitisha trekta, ameshuka, amechimba lango letu kwa koleo. Sikutoka nje.

Machi 25, Alhamisi, sikukuu ya våfflor

Nyumba ya kijiji ilijaa. Harufu ya siagi mpaka barabarani, jemu ya beri za manjano, malai, watoto mikono inanata. Birika la shaba katikati ya meza. Alfhild amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Fainali huwa wazi, anayetaka anaketi. Tuliketi mimi na Torgny, na wengine wakaona nyuso zetu wakabaki na våfflor zao. Kisha kiti cha tatu kikavutwa. Folke alivua kofia, akaiweka chini ya kiti, akaketi. Watu wakakoma kutafuna.

"Haya," Alfhild akasema, akagonga kikombe. "Våffla."

Torgny akaweka chuma: våffeljärn. Mimi nikaweka mpini. Nilikuwa nimeshaanza kazi yangu, vipande vifupi. Folke akashusha kiganja.

"Våf-fel-järns-hand-tags..." Akakwama. Sote tukangoja. Ikaja: "...skruv."

"Skrubu ya mpini wa chuma cha våfflor," Alfhild akasema. "Kipo?"

Folke akaingiza mkono mfukoni, akaiweka mezani, ndogo, yenye kutu upande mmoja. Watu wakapiga kelele za furaha.

Torgny akaongeza kasha dogo. "Lipo, mama, nimempa mimi. Lilikuwa la tumbaku." Mimi nikaongeza mfuniko. "Upo?" "Kasha gani halina mfuniko, mama?" Pigo moja, pigo moja, pigo moja, vyote vifupi, na nikaona jasho kwenye nywele za Torgny. Folke akaongeza mchoraji, mchoraji wa mfuniko wa kasha la skrubu, na alichukua muda wake kufika.

"Yupo?"

"Ni m-mimi. Nimechora samaki juu yake. Ndiye samaki p-pekee niliyepata mwaka huu."

Nyumba ilicheka mpaka Alfhild akagonga mara tatu. Hata mimi kinywa kilinicheza, nikakibana.

Torgny akaanza. Alikuwa bado ana kicheko kifuani, na vile vifupi vikamshika pale pale nilipovitega. Kiganja kikakimbia. Alipofika kwenye brashi ya mchoraji, mkono wake ulikuwa umepiga mara moja zaidi.

"Umetoka, Torgny."

Miaka mitatu nimeingoja sentensi hiyo. Furaha ilikuja, sitadanganya, ilikuja ya moto. Torgny akasogeza kiti nyuma, akaweka mikono magotini kama Jumanne ile, akamtazama Folke. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nikalichukua neno nikaweka brashi ile ile, silabi kumi na mbili, sikukosa hata moja. "Ipo, ya nywele za mkia wa ng'ombe, iko bandani." Nikainua mkono. Zamu ya Folke.

Akaweka kiganja. Våf-fel-järns, wazi kabisa. Hand-tags, wazi. Kisha akasimama.

Nilijua yote yaliyobaki, pamoja na kipande atakachoongeza, mpini wa brashi, kwa kuwa kingine hakikuwa na maana. Vilikuwa mdomoni mwangu vimepangwa kama meno. Na nilijua sheria. Ningefungua kinywa tu, hata kwa kunong'ona, amesaidiwa, ametoka, na birika ni langu. Kila mtu mezani alilijua hilo. Alfhild aliacha kijiko hewani. Malai yakatiririka kutoka kwenye våffla ya mtu yakadondoka sakafuni na hakuna aliyeinama.

Nikamtazama Folke shingoni, nikitafuta mshipa. Haukuwepo. Uso haukumwiva. Alikuwa anapumua taratibu, ametulia, na macho yake yalikuwa kwangu moja kwa moja. Hakukwama hata kidogo. Alikuwa na neno lote, amelishikilia tu, na ananingojesha.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mezani pale si mimi peke yangu niliyekuja kulipa kisasi.

Niliuma kitambaa changu cha shingoni. Ndiyo, nilikishika kwa meno, mbele ya kijiji kizima. Nilisikia taya linaniuma. Ningemwua. Machozi yakanitoka kwa hasira, na bado kiganja chake kimelala pale mezani bila haraka yoyote. Kahawa ikapoa. Nje trekta la mtu likapita, likaenda mpaka sauti ikaisha.

"...skruv," Folke akasema, laini. "Ask. Locks. Må-lar-pen-sel-skaft."

Hakuna kigugumizi hata kimoja. Akainua kiganja.

"Upo?" Alfhild aliuliza, sauti imemkwama yeye.

"Upo."

Zamu yangu. Nilitema kitambaa, nikaweka kiganja mezani, nikatafuta kipande. Nilikuwa navyo vingi! Nimekata viazi majira mazima kwa ajili ya hivyo. Lakini kinywa kilikuwa kimechoka kwa kufungwa, na kila nilichokishika kilikuwa cha Folke. Hawakunikimbiza. Walinyamaza wote, hata watoto, wakaningoja kwa heshima ile ile, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nikainua mkono mtupu.

Torgny ndiye aliyeanza kupiga meza. Niliondoka kabla hawajasimama, na koti nikalivalia barabarani.

Sasa niko jikoni, naandika. Folke amerudi muda kidogo uliopita. Mkono mmoja birika, mkono mwingine kikapu kikubwa kilichofunikwa kitambaa. Nikajua ameniletea våfflor, maana mimi sikula hata moja. Alikiweka sakafuni. Akachota maji, akaweka ile kahawa yake nyeusi ndani ya birika la baba, akaliweka jikoni, akakaa mbele yangu na kiganja juu ya meza.

"O—" akasema. "O-o—"

Ningeweza kummalizia nikiwa nimelala. Oka keki nyingine, tutacheza tena. Omba radhi, nami nitaomba. Nilikuwa naona hata machozi yatakavyomtoka, na nilikuwa nimeshamwandalia jibu zuri, lenye kiasi, la mtu aliyeshindwa bila kuinama. Lakini kiganja kilikuwa mezani. Nikangoja. Birika likaanza kuimba, likachemka, likamwagikia jiko, na bado nikangoja.

"O-osha vikombe, dada," Folke akasema.

Akafunua kikapu. Vikombe vya kijiji kizima, vina jemu na malai yaliyoganda, vimefungwa kwa gazeti visivunjike njiani. Wa pili ndiye huosha.

Nimeviosha. Vilikuwa vingi, na kwa kila kimoja nimetafuta kipande kimoja cha neno la mwakani.